Riwaya za Maajabu: Tulichopenda, Tulichokataa, na Swali la Mtoto Mmoja



Sisi tunaoandika maneno haya ni watatu, na tunakaa Bukavu. Mmoja wetu ni mwalimu wa shule ya msingi, wa pili ni mshonaji wa nguo, na wa tatu anamaliza masomo yake ya chuo kikuu. Kwa miaka minne sasa tunasoma vitabu pamoja na watoto na vijana kila Jumamosi mchana, katika chumba kidogo kilicho nyuma ya kanisa, ambamo zamani mlitunzwa viti vibovu. Maktaba yetu ni sanduku moja la bati. Vitabu vilivyomo karibu vyote ni vya Kifaransa. Vingine vimepoteza jalada, na vitatu ni fotokopi ambazo mshonaji wetu amezishona kwa uzi wa suruali. Tunasoma kwa Kifaransa, kisha tunasimulia kwa Kiswahili, kwa kuwa wadogo wengi bado hawajakimudu Kifaransa.

Mara nyingi mmetuuliza: je, ni vema kijana kusoma riwaya za maajabu, zile zinazosimulia majitu, pete zenye nguvu, wanyama wanaosema na watoto wanaoruka angani juu ya ufagio? Wengine wenu mmekatazwa nyumbani. Wengine mnazisoma usiku chini ya shuka kwa mwanga wa simu. Tumeona afadhali tuwape maoni yetu kwa unyofu, kitabu kwa kitabu, bila kusifu kitu kwa sababu tu kinasifiwa na dunia, na bila kulaani kitu ambacho hatukukisoma. Lakini kwanza hatuna budi kuwasimulia kosa letu, kwa maana bila kosa hilo tungaliwaandikia maoni mepesi.

Swali

Jumamosi moja tulianza kitabu cha kwanza cha Harry Potter. Kitabu hicho cha Mwingereza J. K. Rowling kilitoka mwaka 1997, na katika Kiingereza jina lake linataja jiwe la mwanafalsafa. Wafaransa walipokitafsiri mwaka 1998 walikipa jina jingine, linalotaja shule ya wachawi. Nasi katika kusimulia tukalitwaa lile neno la Kifaransa, «sorcier», tukalitia katika Kiswahili bila kufikiri: mchawi. Tukasema: palikuwa na mtoto yatima aliyelazwa katika kijichumba chini ya ngazi, nyumbani kwa mama yake mkubwa, ambako hakupendwa. Alipotimiza miaka 11 akaja mgeni mrefu kama mti, akamwambia: wewe ni mchawi, na shule ya wachawi inakungoja. Watoto wakacheka, wakapiga makofi, wakataka tuendelee, lakini mvua ilikuwa inakaribia.

Wakati wa kutawanyika, mvulana mmoja alibaki nyuma. Alikuwa na umri wa miaka 10 hivi, wala hakuwa na desturi ya kusema. Akamwuliza mwalimu: «Mwalimu, ile shule inapokea na watu wa hapa?»

«Kwa nini unauliza?»

Akajibu huku anatazama vidole vya miguu yake: «Hata mimi, nyumbani wananiita mchawi.»

Tulicheka. Tunaliandika neno hilo ili msitudhanie kuwa watu wema kuliko tulivyo. Tulifikiri anatania, tukamshika kichwa, tukamwambia aje tena Jumamosi ijayo. Hakuja. Hakuja hata Jumamosi iliyofuata. Katika juma la tatu mshonaji wetu alipata habari kwa mteja aliyekuja kupimwa kitenge. Mtoto yule alikuwa yatima wa baba na mama, naye alikaa kwa mama yake mdogo. Kitoto kichanga cha mama huyo kilikuwa kinaugua homa isiyokwisha, na katika nyumba moja ya maombi mtu fulani alikuwa amesema kwamba ugonjwa unatoka kwa yule yatima. Tangu siku hiyo mvulana alilala katika jiko la nje. Siku tatu za kila juma alinyimwa chakula, nao waliliita jambo hilo mfungo wa kumtakasa.

Ndipo tulipofahamu alichokuwa anauliza. Kutoka vinywani mwetu, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alikuwa amesikia kwamba kuna mahali ambapo mtoto anayeitwa mchawi anapokelewa kwa furaha, anapewa kitanda na kuketishwa mezani pamoja na wenzake. Alitaka kujua njia ya kwenda huko. Nasi tulicheka.

Neno moja, dunia mbili

Tulikaa usiku mzima tukijadiliana. Yule mwanafunzi alisema kosa ni la kitabu, na kwamba kisomwe tena na nani? Mwalimu alisema kosa ni letu. Baada ya siku nyingi sote watatu tulikubaliana na mwalimu, na sababu yetu ni hii.

Katika riwaya ya Rowling, watu wa namna ile huzaliwa na kipaji, kama mtu anavyozaliwa akitumia mkono wa kushoto. Kipaji chenyewe si chema wala si kibaya. Wako wanaokitumia kwa kuponya na wako wanaokitumia kwa kuua. Lakini katika Kiswahili chetu mchawi si mtu mwenye kipaji. Ni mtu anayedhuru kwa siri, anayekula watu usiku, ambaye hata ndugu zake wanaogopa kula pamoja naye. Mwenye kuponya tuna jina lake jingine. Hivyo tulipotia neno «mchawi» mahali pa lile la Kifaransa, hatukutafsiri. Tulichukua furaha ya dunia moja tukaimwaga juu ya jeraha la dunia nyingine. Tangu siku hiyo tunaposimulia kitabu hicho tunasema «watu wa maajabu», na kabla ya kuanza tunawaeleza watoto kwamba hakuna mtoto hata mmoja katika chumba hiki aliye mchawi, na kwamba yeyote anayeitwa hivyo nyumbani aje atuambie.

Tena tunawakumbusha ninyi mlio wakubwa jambo ambalo wengi hawalijui. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumtuhumu mtoto kwa uchawi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamwekea adhabu mwenye kumtuhumu. Jambo hilo si desturi ya kuvumiliwa, wala si siri ya familia. Ni kosa mbele ya sheria.

Sasa tuje kwenye vitabu.

Harry Potter

Tulichopenda katika vitabu hivi saba ni kwamba vinaanza na mtoto asiyetakiwa, na kwamba kinga yake dhidi ya adui haikutoka kwenye fimbo wala maneno ya siri, bali kwa mama yake aliyekubali kufa mahali pake. Tulipenda urafiki wa wale watatu, ambao wanagombana na kupatana kama watu wa kweli. Tulipenda pia kwamba mwandishi hawafichi watoto kifo: katika kitabu cha nne kijana mwema anauawa bila sababu, na hakuna nguvu ya maajabu inayomrudisha.

Tulichokataa ni kofia. Mtoto wa miaka 11 anavikwa kofia mbele ya shule nzima, nayo inatangaza ni wa nyumba ipi kati ya nne, na nyumba moja kati ya hizo inatoa karibu waovu wote wa hadithi. Zamani tuliisoma sehemu hiyo kwa kicheko. Leo, baada ya yule mvulana, inatusumbua kuona mtoto akitangazwa hadharani jinsi moyo wake ulivyo kabla hajatenda lolote. Ni kweli kwamba Harry aliiomba kofia isimpeleke huko, nayo ikamsikiliza. Na mwandishi baadaye anajitahidi kuonyesha watu wenye moyo katika nyumba ile. Lakini watoto wengi hawana nafasi ya kuomba. Aidha, vitabu vya mwisho ni virefu mno, na katika cha saba safari ya kukaa porini ilimfanya mshonaji wetu alale mara tatu.

Kwa wazazi wanaoogopa kwamba kitabu hiki kitamfundisha mtoto uchawi, tunasema tuliyoyaona. Katika miaka minne hatukuona mtoto hata mmoja aliyejaribu kumdhuru mwenzake kwa fimbo. Tuliona mtoto mmoja aliyedhuriwa sana, na waliomdhuru hawakuwa wamesoma riwaya yoyote.

Bwana wa Pete

Mwandishi wa hadithi ya pete, J. R. R. Tolkien, alizaliwa mwaka 1892 katika mji wa Bloemfontein, Afrika ya Kusini, akapelekwa Uingereza akiwa mdogo. Baba yake alifariki mwaka 1896. Mama yake alipoingia Kanisa Katoliki mwaka 1900, jamaa zake wengi walimkasirikia, wakamnyima msaada. Naye akafariki mwaka 1904, akamwacha mtoto mwenye miaka 12. Aliyemlea tangu hapo yeye na mdogo wake ni padri mmoja wa Birmingham, Francis Morgan. Baadaye Tolkien alipigana katika vita vya mto Somme mwaka 1916, akapoteza rafiki zake wapenzi. Twawaeleza haya ili mjue kwamba maajabu yake hayakuandikwa na mtu asiyeijua huzuni. Kitabu chake kikuu kilitoka katika mafungu matatu miaka ya 1954 na 1955.

Habari yenyewe ni hii: pete inayompa mtu uwezo wa kutawala wote inabidi itupwe katika mlima wa moto, na anayetumwa kuitupa ni mtu mfupi, asiye askari wala mfalme. Ndugu zetu wa Goma hawahitaji kuelezwa mlima wa moto ni nini. Nyiragongo ulipolipuka mwaka 2002, na tena mwaka 2021, waliona mto wa moto ukishuka kuelekea nyumba za watu. Tulipofika sura ya mlima, kijana mmoja aliyekimbia Goma mwaka 2021 alituomba tupumzike kidogo, akatoka nje, kisha akarudi akasema: «Sasa endeleeni.»

Tunachokipenda kuliko vyote katika kitabu hicho ni kwamba shujaa anashindwa. Frodo anafika ukingoni mwa moto, na pale pale anakataa kuitupa pete. Anaitaka. Kinachookoa dunia ni kwamba hapo nyuma, yeye na jamaa yake kabla yake, walimhurumia kiumbe mmoja mnyonge na mwovu, Gollum, wakakataa kumwua walipoweza. Gollum huyo ndiye anayemng'ata Frodo kidole, anatwaa pete na kuanguka nayo motoni. Huruma iliyoonekana ya kipumbavu ndiyo iliyofanya kazi ambayo ushujaa haukuiweza. Hatujasoma riwaya nyingine ya vijana inayothubutu kusema hivyo.

Tulichokataa ni haya: wanawake wamo wachache mno, milima na mito ina majina mengi kupita kumbukumbu ya mwanadamu, na maadui wanaoitwa Orki wote ni wabaya tangu kuzaliwa kwao. Tolkien mwenyewe alihangaika na swali hilo katika barua zake, wala hakulimaliza. Nasi hatulimalizi, ila tunasema: msomaji asizoee kuona kabila zima likiuawa bila kuuliza kama kati yao alikuwamo mtoto.

Narnia

Rafiki wa Tolkien, C. S. Lewis, aliandika vitabu saba vya nchi ya Narnia kati ya mwaka 1950 na 1956. Ni vifupi, na kwa wadogo ndivyo tunavyoanza navyo. Watoto wetu wanampenda simba Aslan, lakini sisi tunampenda Edmund, yule ndugu anayewasaliti wenzake kwa ajili ya sahani ya vitu vitamu, kisha anasamehewa, na baada ya kusamehewa hakuna anayemkumbusha kosa lake mezani kila siku. Familia ngapi zetu zinaweza hilo?

Hata hivyo katika kitabu kimojawapo watu wa kusini wenye ngozi nyeusi-nyeusi wameelezwa karibu wote kuwa wakatili na wenye hila. Msichana mmoja wa miaka 14 alituuliza: «Na sisi katika nchi hiyo tungekuwa upande gani?» Lilikuwa swali la haki, na tulimjibu kwamba mwandishi mwema anaweza kuwa na macho mabovu mahali fulani. Tena mwishoni dada mkubwa, Susan, anaachwa nje ya furaha ya wenzake kwa sababu anapenda rangi ya midomo na mialiko. Wasichana wetu hawakukubali, nasi tuko upande wao.

Michezo ya Njaa

Riwaya ya Mmarekani Suzanne Collins, iliyotoka mwaka 2008, haina maajabu ya kale. Ni dunia ya kubuni ya siku zijazo. Serikali katili inachukua kila mwaka watoto 24, mvulana na msichana kutoka kila wilaya kati ya 12, wenye umri wa miaka 12 hadi 18, inawatia uwanjani wauane mpaka abaki mmoja, nayo inaonyesha mauaji hayo kama mchezo. Katniss, mwenye miaka 16, anajitoa mahali pa mdogo wake.

Kwa msomaji wa nchi nyingine hayo labda ni ya kubuni tu. Kwetu tunajua neno «kadogo», na tunajua watoto waliopewa bunduki kabla ya kumaliza shule ya msingi. Kwa hiyo tulikisoma polepole, na wadogo hatukuwasomea. Tulilipenda tendo la Katniss anapofunika kwa maua maiti ya Rue, msichana wa miaka 12 kutoka wilaya nyingine, ambaye uwanja ulitaka awe adui yake. Tulikipenda pia kitabu cha tatu, ambacho wengi wanakilaumu, kwa sababu kinaonyesha kwamba kiongozi wa waasi anaweza kuwa mfano wa yule dhalimu aliyempindua: akishashinda, naye anapendekeza watoto wa maadui watiwe uwanjani. Vijana wa nchi hii wanafaa kulisoma jambo hilo mara mbili.

Tulichokataa ni kwamba katikati ya vifo hivyo tunalazimishwa kuwaza kila mara ni kijana yupi kati ya wawili ambaye Katniss atampenda. Mwanafunzi wetu hakubaliani nasi. Anasema kwamba hata katika vita watu hupenda. Ana haki ya kuandika hivyo, na tumemwandikia.

Mapenzi ya mnyonya damu

Kuhusu vitabu vya Stephenie Meyer, vilivyoanza kutoka mwaka 2005, tutasema ukweli: tulivisoma haraka kuliko vyote, na mshonaji wetu alichelewesha nguo za harusi moja kwa sababu yake. Vinavuta. Lakini mtazame vinachofundisha. Edward, ambaye ameishi zaidi ya miaka 100, anaingia usiku katika chumba cha msichana wa miaka 17 bila yeye kujua, anamtazama akilala, na hilo linaitwa upendo. Anapomwacha, msichana anakauka kama jani, anajitupa kutoka kwenye jabali ili tu aisikie sauti yake akilini. Dada zetu, mvulana anayewachunguza mnakokwenda, anayewaambia ni nani wa kuzungumza naye, anayewatisha kwamba mkimwacha mtakufa, hawapendi. Anawalinda kama mtu anavyolinda mbuzi wake. Someni mkitaka, lakini msomeni Edward mkiwa mmefumbua macho.

Sunny

Mwanamke mwenye asili ya Nijeria, Nnedi Okorafor, aliandika mwaka 2011 riwaya ya msichana Sunny, mwenye miaka 12, aliyezaliwa Marekani na anayekaa na wazazi wake Nijeria. Sunny ana ualbino. Shuleni anadhihakiwa, hawezi kucheza mpira juani kama kaka zake. Kisha anagundua kwamba ana kipaji, na kwamba kile alichodharauliwa kwacho kina uhusiano na kipaji hicho. Tulifurahi kusoma maajabu ambamo watu wanakula pilipili na kusafiri kwa basi lililojaa. Tulichoogopa ni jambo lile lile: neno la Kiingereza katika jina la kitabu hicho linatafsirika «mchawi». Kwa mtoto mwenye ualbino, ambaye katika nchi zetu huenda akawindwa kwa ajili ya imani mbovu juu ya mwili wake, neno hilo si mchezo. Tulikisimulia, lakini jina lake tulilibadili.

Mwindo, wa kwetu

Tunamaliza na hadithi ambayo haikutoka ng'ambo. Wanyanga wa Walikale wana utenzi wa Mwindo. Mwaka 1956 mzee She-Karisi Rureke aliuimba na kuusimulia kwa siku kadhaa, na mwaka 1969 ulichapishwa kwa kazi ya Daniel Biebuyck na Mnyanga mwenzetu Kahombo Mateene. Ndani yake mna joka, nyoka wa maji, safari ya kuzimu, na Nkuba, bwana wa umeme. Wanaosema maajabu ni mambo ya Wazungu hawajamsikia Mwindo.

Mfalme Shemwindo alikuwa ameagiza kwamba wake zake wazae mabinti tu. Akazaliwa mvulana, akitembea na kusema. Baba akajaribu kumwua kwa mikuki, akamzika, kisha akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto akaelea akiimba, mpaka akafika kwa shangazi yake Iyangura, aliyeipasua ngoma na kumpokea. Baadaye Mwindo anamfuata baba yake hadi kuzimu, anamrudisha, nao wanapatana na kugawana utawala. Tena shujaa mwenyewe anapojivuna, na kuua joka lililokuwa rafiki wa Nkuba, Nkuba anampandisha angani, ambako anateswa na mvua na baridi na jua kwa mwaka mzima, mpaka anajifunza. Shujaa anayefundishwa unyenyekevu: hilo tulilipenda kuliko ushindi wake wote.

Yaliyompata mvulana wetu

Tulikwenda nyumbani kwa mama yake mdogo pamoja na mama mwongozi wa shirika letu na muuguzi mmoja. Hatukwenda kugombana. Tulimkuta mama amechoka, macho mekundu, kitoto mgongoni kikiungua. Muuguzi alikigusa, akasema kwa upole: «Mama, twende sasa hivi.» Kituoni walikuta malaria na upungufu wa damu. Kilitibiwa, kikapona. Mama alilia sana, akasema hakuwa na fedha za kituo, na kwamba maombi yalikuwa bure. Hatuwezi kumwita mwovu. Alikuwa mtu aliyeogopa kumpoteza mwanawe, akapewa wa kumlaumu.

Lakini tusiwadanganye kwamba yote yalirudi kama zamani. Kitoto kilipona, ila hofu haikupona. Mama hakuthubutu tena kulala nyumba moja na mvulana yule. Hatimaye shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, alikuja kutoka Walungu na kumchukua. Mwanamke huyo analima mihogo na maharage, ana watoto watano, naye alisema neno moja tu: «Huyu ni wa kaka yangu.»

Kabla hajaondoka tulimsimulia Mwindo, tangu ngoma hadi umeme. Alisikiliza bila kutikisika. Tulipofika kwa shangazi Iyangura, alimtazama shangazi yake aliyekuwa ameketi mlangoni na kapu lake, nasi tukanyamaza kidogo. Mwishoni akauliza: «Mwindo alirudi kwa baba yake. Na mimi, lazima nirudi?»

Sisi watatu, wenye sanduku la vitabu, hatukuwa na jibu. Aliyejibu ni shangazi: «Mwindo alirudi akiwa mkubwa. Wewe maliza shule kwanza.»

Tulimpa fotokopi ya kitabu cha kwanza cha Narnia, ile iliyoshonwa kwa uzi mweusi. Siku za soko, shangazi anapoleta maharage mjini, mara nyingine anamleta naye. Amefika ukurasa wa 60, naye bado hamwamini Edmund.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika vitabu mlivyosoma, ni mhusika gani aliyehukumiwa kabla hajatenda? Je, mwandishi alimtetea au aliungana na wanaomhukumu?

2. Ni neno gani tunalolitumia kwa mzaha ambalo mwenzetu mmoja kikundini huenda analisikia kama jeraha?

3. Katika mtaa wenu, kuna mtoto anayelala jikoni? Nani atakwenda kumwona juma hili, na ataongozana na nani?